Fatiha Yako Haikuwa Kura

Baba yangu, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila ya kukuamkia, ndivyo ulivyonilea. Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani hapa Peckham, kile ambacho Mama hataki kitupwe ingawa mguu wake mmoja umelegea. Chini mabasi yanapita na kusimama kituoni, na mie najikuta natazama kama ulivyokuwa ukitazama wewe, dereva gani anamsubiri bibi kizee akae kabla ya kuondoka na dereva gani hana habari. Bahasha ya barua hii siifungi. Nakuandikia wewe, lakini nataka na wengine waisome, hasa wale waliokaa viti vya mbele Jumapili ile wakatazama sakafu.

Nina hasira, Baba. Nakwambia mapema ili ukinisikia napayuka usishangae. Wewe ulikuwa ukikasirika unanyamaza, unakwenda kupiga viatu rangi. Mie hilo sikulirithi. Nimerithi ulimi wa Mama wa siku zile alipokuwa bado hajachoka.

Nianze na ile picha, maana ndiyo inayonikereketa. Ni picha yako ya mwisho ukiwa na afya yako. Umekaa safu ya mbele kwenye ule ukumbi wa kanisa tunaoukodi kwa mikutano, umevaa kofia yako ya kiua na lile koti la depo ya mabasi ulilokataa kuliacha hata baada ya kustaafu. Macho umefumba. Mikono umeinua usawa wa kifua, viganja vinatazama juu, na nyuma yako ukumbi mzima umeinua mikono vivyo hivyo. Bwana Sudi, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, alikuwa ametuomba tumsomee Fatiha Bi Zuwena aliyelazwa hospitali. Tukasoma, tukapangusa nyuso, tukainuka kwenda kula pilau. Jioni yake picha ikaingia kwenye simu zetu sote, na chini yake maneno haya: Wanachama wakiunga mkono kwa kauli moja kuongezwa muda wa mwenyekiti.

Nakukumbuka ulivyoishika simu yangu, ukaisogeza mbali, ukaisogeza karibu. Ulidhani miwani ndiyo mibovu, na mie binti yako kazi yangu ni kupima watu macho.

"Mie nilikuwa namwombea Zuwena apoe," ulisema. "Muda wa mtu nimemwongezea saa ngapi?"

Mama akasema labda ni makosa ya vijana wa simu. Ukamtazama kidogo, ukanionesha mikono yako pale kwenye kioo. "Mkono wa kura unatazama mbele. Huu unatazama juu. Hata mtoto anaona."

Kwa watakaoisoma barua hii na hawazijui desturi zetu, ngoja niwaeleze. Kwetu sie watu wa Unguja, jambo likishasomewa Fatiha limekwisha. Posa inasomewa Fatiha. Ubia wa duka unasomewa Fatiha. Mashemeji waliogombana wanasomewa Fatiha, na baada ya hapo atakayeufukua tena ule ugomvi ndiye mkosa. Hakuna mtu anayesimama baada ya Amin akasema samahani, mie sikukubali. Atakuwa anabishana na mwenyekiti, au anabishana na Mola wake? Bwana Sudi alilijua hilo vizuri sana. Hakutuletea kitu kigeni tukakishtukia. Alichukua kile tunachokiheshimu kuliko vyote akakifanya muhuri wake.

Na wewe ndiye mtu aliyefanya kila njia hilo lisitokee. Unaukumbuka mkebe wako wa biskuti? Nilikuwa mtoto wa skuli, tuko ndani ya basi, ghorofa ya juu, tunakwenda mkutanoni, na mkebe nimeupakata mie. Nikakuuliza kwa nini watu wazima wanakunja vikaratasi na kuvitia kwenye mkebe, wakati darasani kwetu sie tunanyoosha mikono tu na mambo yanakwenda. Ulisubiri basi lipite kwenye taa, ukaniambia kwamba ndani ya chama chetu wamo waliokimbia baada ya Mapinduzi, na wamo walioyashangilia, na wamo waliopoteza ndugu na hawataki kusema nani aliwapoteza. Kila mmoja ana Mapinduzi yake, ulisema. Na wote sasa wako London, na wote siku moja watakufa, na hakuna hata mmoja atakayejizika mwenyewe.

"Sasa ukimwambia huyu anyooshe mkono mbele ya yule," ulisema, "hatalitazama jambo lenyewe. Atatazama nani amenyoosha."

Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa, kwa sababu darasani na mie nilikuwa natazama kwanza rafiki zangu wamenyoosha au hawajanyoosha.

Watu wakakupa jina, Bwana Mkebe. Wengine kwa mapenzi, wengine kwa kebehi. Ami Gulamu, rafiki yako muuza viungo wa Queensbury, alikuwa akitia karatasi yake huku anakuuliza, "Bwana Mkebe, biskuti leo za nazi au za siagi?" Na yeye ndiye aliyekuwa akikunja karatasi ndogo kuliko wote, mpaka unahitaji pini kuikunjua. Ulikuwa unazikunjua moja moja mbele ya watu, unazisoma kwa sauti ile ile, awe aliyeandikwa ni mtu unayempenda au mtu usiyemtaka hata kumwona.

Na nisimdhulumu Bwana Sudi. Hakuja na mtutu, wala hakumpiga mtu kofi. Aliingia kwa mkebe wako, kwa haki kabisa, na ni wewe uliyelisoma jina lake karatasi baada ya karatasi huku unatabasamu. Tulimpa kwa sababu alistahiki. Mtu akifiwa, yeye ndiye wa mwanzo kugonga mlango. Alijua kusema na watu wa hospitali, na watu wa makaburi, na kaunsil ya mtaa. Mtoto wa Bi Asha alizikwa siku ambayo sote tulishakata tamaa kwamba ruhusa itatoka, na ni Sudi aliyekaa ofisini kwa watu akakataa kuondoka mpaka wakaitoa. Siku aliyochaguliwa ulirudi nyumbani ukamwambia Mama, "Sasa hata nikifa nina mtu."

Hapo ndipo panaponiuma. Mie nilikuwa nadhani watu wa kututawala kwa mabavu wanakuja wamekunja sura, na kwamba nikimwona mmoja nitamjua. Huyu alikuja amebeba jeneza letu begani.

Wewe uliona kitu, na ulikiona mapema. Tulikuwa sebuleni hapa hapa, mie na wewe na mwanangu Raya, tunatazama habari. Rais wa nchi moja ya mbali alikuwa anahutubia umati. Wananchi wake walikuwa hawajapiga bado kura ya kufuta ukomo wa muhula wake, na yeye alishasimama jukwaani anawashukuru kwa kuifuta.

"Umemsikia?" ukaniuliza. "Anashukuru kabla hajapewa." Ukaipunguza sauti ya televisheni. "Sudi naye ana tabia hiyo."

Nikacheka. Nikakwambia, Baba, mwenyekiti wa chama cha kuzikana unamfananisha na rais? Ukasema rais naye alianzia pahala, na pengine pahala penyewe palikuwa padogo kuliko ukumbi wetu.

Basi tokea siku ile nikawa namsikiliza, na kweli. Ahsanteni kwa kukubali tubadilishe siku ya mkutano. Hajatuuliza. Nawashukuru kwa imani yenu katika hili. Lipi hilo? Na sie tunapiga makofi, maana mtu akishakushukuru, ukimwambia hapana unaonekana huna adabu. Tulilelewa tusimtie mtu aibu mbele za watu. Adabu zetu ndizo zilizomfungulia mlango, akapita anatabasamu, na sie tunamwambia karibu.

Mkebe wenyewe aliuondoa kwa kutumia mkebe. Hili kila nikilisimulia watu wanadhani natia chumvi. Siku ile kwaya ya kanisa ilikuwa imeshasimama mlangoni inasubiri ukumbi wao, na wewe ulikuwa bado unakunjua karatasi ya Ami Gulamu. Sudi akasimama akasema mzee wetu huyu tunamchosha, na majirani zetu Wakristo tunawasimamisha mlangoni, hii si heshima. Ahsanteni kwa kuona kwamba mikono inatosha. Wewe ukasema jambo kubwa namna hiyo lipigiwe kura, na kura iwe ya siri. Akakubali mara moja, akakushukuru pia. Tukatia karatasi kwenye mkebe kuamua kama tuendelee na mkebe, na mkebe ukashindwa. Ulisoma kila karatasi kwa sauti ile ile. Hapana, hapana, hapana. Kisha ukafunga kifuniko, ukampa Mama, ukamwambia autilie nyuzi zake.

Siku ile nilidhani umeudhika kama mzee anavyoudhika akinyang'anywa kitu chake. Sasa naelewa ulichokiona. Tuliitumia haki yetu kuitupa haki yetu, tena kwa furaha, kwa sababu tulikuwa na njaa na pilau ilikuwa inanukia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, na upole huo ndio uliotumaliza. Muhula wake wa pili, ambao kwa kanuni zetu ndio wa mwisho, ulipokwisha korona ikaingia. Watu wetu wakawa wanakufa, Sudi anahangaika usiku na mchana, na nani angekuwa na uso wa kumwambia bwana, muda wako umekwisha? Tukasema amalize korona. Korona ikaisha, yeye hakuisha. Maswali yakawa yanawekwa mwisho wa mkutano, na mwisho wa mkutano kukawa hakuna, kuna pilau tu. Na mikono yetu ilipokuwa inanyooshwa, alikuwa anatazama. Sio kwa ukali. Anapitisha macho tu, safu kwa safu, kama mtu anayekumbuka nyuso za wageni wake.

Ami Gulamu ndiye aliyeuliza. Alisimama na sweta lake la kijivu akasema, "Mwenyekiti, muhula wako umekwisha au mie nilisinzia?" Watu wakacheka. Sudi naye akacheka, tena akamshukuru kwa swali zuri. Hakukuwa na kitisho wala neno baya. Tukarudi nyumbani tukisema, mnaona, mtu anauliza na hafanywi kitu.

Kisha Bi Khadija, mkewe Ami Gulamu, akafariki.

Unajua vile sisi tunavyofiwa. Mtu akikata roho tu tangazo la mwenyekiti linatoka kwenye simu zote, na kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto nyumba imejaa. Safari hii tangazo halikutoka. Ami Gulamu alimpigia Mama mwenyewe, kwa sababu Mama ndiye mwoshaji wa wanawake wa chama kizima, akashangaa kusikia kwamba Mama hana habari. Tukakimbilia Queensbury. Mama akamwosha Bi Khadija, na mie nikamshikia maji kwa kuwa hakukuwa na mwanamke mwengine. Jeneza lilibebwa na watoto wake, na mabinamu zao wa Kenton, na wewe na goti lako bovu. Ami Gulamu alikuwa kila mara anageuka kutazama njiani. Alikuwa anatazama kama watu wanakuja.

Sudi alisema mtandao ulimsumbua. Akaja siku ya tatu na sahani ya tende na akampa pole kwa muda mrefu, mkono wake ameushika kwa yake yote miwili.

Baba, hakuhitaji kusema neno jengine. Kila mmoja wetu alirudi kwake akajiuliza: mie nikifa, tangazo langu litatoka? Tulivuka bahari, tumezeeka kwenye baridi ya watu, na kitu kimoja tu tunachokiogopa ni kufa bila ya mtu wa kutusomea na kutufunika udongo. Woga huo ndio uliotufanya tuanzishe chama. Na yeye akaushika woga huo huo kama mtu anavyoshika kitasa. Tokea siku ile hakuna aliyeuliza swali, na yeye akaanza kusema kwamba chama kina umoja usio na mfano wake.

Ndipo ikaja ile picha ya Fatiha ya Bi Zuwena, na mikono yako ndani yake. Ulimpigia simu. Nilikuwepo, nilikusikia. Ulisema kwa upole, kijana wangu, ile ilikuwa dua, andika hivyo, waambie watu kwamba ile ilikuwa dua. Akajibu, "Nimekufahamu, mzee wangu, ahsante sana." Ulikata simu ukasema, "Ameshashukuru. Basi hataifuta." Ukaenda kupiga viatu rangi. Uliugua, ukalazwa, ukaondoka, na picha ilikuwa bado pale pale, mikono yako inampa mtu kitu ambacho hukumpa.

Tangazo lako lilitoka, usiwe na wasiwasi. Lilitoka upesi na kwa maneno mazuri. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za jengo na nje kwenye lami, na Sudi alilia, sikatai, pengine alilia kweli. Alikuita mwasisi. Ulikuwa umeshanyamaza, na mzee aliyenyamaza kila mtu anampenda.

Sasa nikwambie ya Jumapili ile, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa kuandika.

Ajenda ilikuwa kuondoa muhula kabisa, awe mwenyekiti wa kudumu. Asubuhi Mama alikaa jikoni na chai yake haijaguswa. Alijua nilichokuwa nacho kifuani.

"Usiseme kitu leo," aliniambia. "Nimewaosha wanawake wote wa chama hiki. Mamaake Sudi mwenyewe nimemwosha mie. Na mie nataka nioshwe, nataka niswaliwe na watu. Sitaki kuzikwa kama Khadija."

Raya akamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba sisi tupo. Mama akamwambia, mjukuu wangu, wewe hujui hata kukunja sanda. Nilimtafutia mtandio wake, tukatoka.

Ukumbi ulijaa. Ami Gulamu alikuja peke yake kutoka Queensbury, kwa treni na basi, akakaa nyuma karibu na mlango. Sudi akasimama, taa zikapunguzwa, na ukutani, Baba, ukatokea wewe. Wewe na kofia yako na koti lako la depo, mkubwa kuliko mlango, macho umefumba, viganja juu.

"Mnaiona mikono ya mwasisi wetu," Sudi alisema. "Mpaka mwisho wa uhai wake alituunga mkono. Tumrehemu kwa Fatiha, na kwa baraka ya Fatiha hiyo hiyo tulipitishe lile la mwenyekiti wa kudumu, ambalo nawashukuru mmeshaliridhia. Al-Fatiha."

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Na pale mbele, vijana wawili wakainua simu kupiga picha.

Nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipokuwa nawe zaidi ya siku yoyote. Ilikuwa Fatiha yako. Unakuwa mtoto wa namna gani, babaako anasomewa Fatiha na wewe mikono yako imo mapajani? Bi Asha aliyekaa kushoto kwangu alinigusa kwa kiwiko. "We, ni babaako huyo," akaninong'oneza. Nikamwambia najua. Safu ya mbele wawili watatu wakageuka. Mikono yangu ilikuwa inataka kuinuka yenyewe kama ilivyozoea tokea utotoni, na mie naikandamiza. Nilijua nikiiinua nitakuwa nimekuombea dua na nimekuibia papo hapo. Nikakutazama ukutani. Nikawa nakusomea moyoni, na mikono iko pale pale mapajani.

Kisha nikauhisi mkono wa Mama. Alikuwa ameiinua yake pamoja na watu. Akaishusha taratibu, mmoja baada ya mwengine, akauweka mmoja juu ya wangu. Mkono ule ule uliowaosha wanawake wetu wote. Hakunitazama. Alikuwa anakutazama wewe.

Watu waliposema Amin nikasimama. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Mwenyekiti," nikasema, "hii ilikuwa dua au ilikuwa kura?"

Nje kwaya ilikuwa imeanza kujaribu sauti zao. Sudi akatabasamu. "Vyote viwili, dada yangu. Kwetu hakuna tofauti."

"Basi msomee tena Fatiha baba yangu peke yake," nikasema, "kiti chako kisiwemo ndani, na mie nitainua mikono mpaka ichoke."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya mwanzo kwa miaka kusikia neno ambalo hakulishukuru kwanza. Kisha akapiga kofi moja akasema pilau imefika, na viti vikaanza kukwaruza sakafu. Watu walipita mbele yetu wakatazama chini. Wewe uliwazikia watu hawa maiti zao. Uliwabebea majeneza. Kuna mmoja alimshika Mama bega akipita, haraka haraka. Ami Gulamu alikuja akasimama karibu yetu, na ndiye peke yake.

Jioni picha ikatoka. Kwa kauli moja, imeandikwa. Imekatwa pale linapoanzia bega langu, kwa hivyo Bi Asha yumo na sisi hatumo. Asubuhi yake simu ikaniambia nimeondolewa kwenye kundi la chama, na ya Mama vilevile. Hakupinduliwa mtu. Hakuna mlango uliovunjwa. Kila kitu kilipigiwa kura, kikapigiwa makofi, kikasomewa Fatiha. Sasa nikiona kwenye habari nchi nzima imelala na haki yake na kuamka bila yake, siulizi tena ilikuwaje. Najua ilikuwaje. Walikuwa na adabu, walikuwa na woga, na walishukuriwa.

Nilimwogopea Mama. Nilidhani atanilaumu. Alikaa jikoni na simu yake mbele yake, anaitazama ilivyonyamaza.

"Haya," alisema mwisho. "Tangazo langu halitatoka."

Nikaanza kusema samahani. Akaninyamazisha kwa mkono. Akainuka, akafungua kabati la juu, akauteremsha mkebe wako. Akazimwaga nyuzi zote juu ya meza, na sindano, na vifungo, na mkasi wake mdogo, akaufuta ndani kwa upindo wa kanga yake.

"Mpigie Gulamu," akaniambia. "Aje na watoto wake, na wale mabinamu wa Kenton. Raya nitamfundisha kukunja sanda. Aliyepandishwa pale ukutani ni mume wangu, na Fatiha yake si ya kumpa mtu kiti."

Wakaja, Baba. Hatukujaza hata sebule. Raya akakata vikaratasi vya kumchagua wa kutuongoza, kisha akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini tuhangaike na mkebe wakati tuko wachache na sote tumekubaliana. Mama hakuinua hata macho.

"Leo tumekubaliana," alisema, akamsogezea kalamu.

Ami Gulamu aliikunja yake ikawa ndogo kama punje. Nililazimika kutafuta pini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Waliokaa viti vya mbele na wakabahatika kuisoma barua hii, mkebe uko hapa Peckham, na kiti cha kukaa tutawatafutia. Na wewe, Baba, ikiwa umeniona siku ile na mikono yangu mapajani na ukahuzunika, naomba usihuzunike zaidi. Deni la dua yako ninalo na sijalisahau. Naishia hapa, naweka kalamu chini, maana naihitaji mikono yote miwili. Dirisha limefungwa, simu iko jikoni, Mama na Raya wameshakaa karibu yangu. Viganja vinatazama juu. Hii ni yako peke yako, na hakuna anayehesabu.

Binti yako, mama yake Raya